Mkungu wa Ndizi Niliomuuzia Rubani Siku ya Sabato

Tulipokuwa watoto huku upande wa Suneka, Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Ilinuka sabuni ya mche, mafuta ya ng'ombe tuliyopakwa miguuni mpaka tukang'aa kama viatu vya chifu, na chakula kilicholala. Chakula cha Sabato kilipikwa Ijumaa jua likiwa bado juu, kwa sababu kuwasha moto Sabato lilikuwa kosa, na kupuliza kaa lililosahaulika jikoni lilikuwa kosa vilevile. Tulikula ugali wa wimbi uliolala, mgumu kiasi cha kumfukuzia fisi, na chinsaga, mboga yetu ya mgagani, chungu mpaka masikio yanasimama. Hakuna aliyenung'unika. Leo mjukuu wangu akikuta mboga ya jana, anainusa kama paka aliyeletewa tumbaku, halafu anasema hana njaa. Hana njaa! Nusu saa baadaye namkuta dukani na chipsi.

Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema. Mnakumbuka tulivyoteremka vilima tukiwa tumekalia magome ya mgomba, utelezi wa mvua chini, breki hakuna, breki ni makalio yako mwenyewe. Mnakumbuka nguo moja nyeupe ya kanisani, ikiraruka unaomba msamaha kwa Mungu na kwa mama, na wa kuogopwa zaidi alikuwa mama.

Shule niliiona, siwezi kusema sikuiona. Niliiona mpaka darasa la tatu. Siku zile msichana akishajua kuandika jina lake walisema anatosha, arudi nyumbani abebe wadogo zake. Nasema tu ili mjue kwamba Kiswahili nilichokuwa nacho sikupewa na mwalimu. Kilitoka sokoni.

Siku ya soko walikuja watu wa samaki kutoka upande wa ziwa, nasi tulibeba ndizi. Wengi hatukutumia pesa. Mkungu kwa samaki, samaki kwa mkungu. Mama yangu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo mimi nilikuwa mdomo wake. Alisimama nyuma yangu na kuweka mkono begani mwangu. Akinifinya, maana yake kataa. Akilegeza vidole, maana yake kubali, tumalize, twende nyumbani. Mwenye samaki alidhani anabishana na mtoto mwenye pengo. Hakujua kwamba anabishana na mwanamke ambaye hata ng'ombe walimpisha njia.

Kiswahili chenyewe kilikuwa hiki: "Hapana. Ongeza. Hii samaki iko konda, ilikuwa na mawazo? Angalia ndizi yangu, nene kama mkono ya askari." Na swali la kwanza kabisa, kabla ya yote: "Iko na magamba?" Sisi Wasabato samaki asiye na magamba hatumli. Hayo ndiyo niliyoyajua. Kumpa mtu pole kwa Kiswahili sikujua. Kumuuliza mgonjwa ameamkaje sikujua. Nilijua kuuza.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya kaskazini, vita vya Shifta, Uhuru bado mbichi. Vita vilikuwa mbali na sisi. Tulivisikia kwenye redio ya dukani, na kwa akina mama waliokuwa na vijana jeshini, ambao walinyamaza ghafla redio ikianza kusema. Mara mojamoja tulisikia ndege juu ya mawingu. Sisi watoto tulilala kifudifudi majanini, kwa sababu mtoto mmoja mwongo alituambia kwamba rubani akiona meno yako anashuka kukuchukua.

Mwezi ule tulikuwa tunatengeneza uwanja wa makambi. Anayejua makambi anajua: kila mwaka waumini wanatoka vilima vyote, wanalala uwanjani wiki nzima, wanaimba, wanahubiriwa, na wasichana wakubwa wanapata wachumba ingawa hilo halimo kwenye ratiba. Wanaume walifyeka nyasi, wakakata miti ya kujengea vibanda, na kule chini mwisho wa uwanja wakachimba mtaro mrefu wa choo. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa mawe. Tuliyapaka chokaa na kuyapanga mistari miwili, kutoka langoni mpaka kule chini. Mzee wa kanisa, Mzee Nyakundi, alipiga magoti mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja, na jiwe likitoka nje hata kidogo alisema lirudishwe. Alisema mbingu zina mpangilio, na yeyote atakayetazama kutoka juu aone kwamba hapa pia pana mpangilio.

Basi akatokea wa kutazama kutoka juu.

Ilikuwa Sabato iliyotangulia makambi. Ukungu ulikuwa umeshika vilima tangu asubuhi. Tulikuwa nje ya kanisa, watoto kwenye nyasi na wakubwa mlangoni wakisalimiana, tukasikia ndege inakohoa kama mzee mwenye kifua. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Ikatoka kwenye wingu, ndogo, rangi ya udongo na majani, chini sana kiasi kwamba kuku walikimbilia uvunguni mwa maghala. Ikazunguka. Ikarudi. Halafu ikaja katikati ya mawe yetu ya chokaa, imenyooka kama bwana harusi anayeingia kanisani.

Baadaye tuliambiwa kwamba alikuwa ametoka huko kaskazini, mawingu yakampoteza, injini ikaugua, mafuta yakakaribia kwisha. Alikuwa anatafuta mahali popote. Akaona nyasi zilizofyekwa na mawe meupe mistari miwili. Jeshini, mawe meupe namna ile ni alama ya uwanja wa ndege. Nani angemlaumu? Na nani angetulaumu sisi? Tulikuwa tunamtayarishia Bwana njia.

Ikagusa chini, ikaruka, ikagusa tena, ikakimbia vizuri. Mzee Nyakundi akasema, "Imeokoka." Neno halijatoka vizuri mdomoni, ndege ikafika kwenye mtaro wa choo. Pua ikaingia, mkia ukasimama juu, mlio ukawa kama mabati ya soko zima yameanguka pamoja.

Mtaro ulikuwa bado haujatumika. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Watu walisimama mbali. Mmoja alisema ina mabomu, mwingine akasema mabomu yangekuwa yameshalipuka, wa tatu akasema mengine huchelewa. Mama yangu alifunga leso kiunoni akateremka. Nami nikamfuata. Hakuniita. Bega langu lilizoea mkono wake tu.

Rubani alikuwa kijana. Uso ulikuwa na damu, na miguu ilikuwa imeshikwa chini ya bati lililokunjika kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Petroli ilikuwa inanuka. Akasema maneno ya Kiswahili, mengi, haraka, na Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji uliochujwa. Hakuna aliyemwelewa. Mwalimu wetu, ambaye angeelewa, alikuwa amekwenda kuhubiri Ogembo. Mzee Nyakundi alifika akihema, maana hakuwa mwoga, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sala peke yake. Akavua kofia, akaweka mkono kwenye kile chuma, akaanza kumwombea apokelewe mbinguni. Yule kijana akaanza kulia. Akasema, "Mzee, mimi sijafa bado." Hilo nililielewa.

Tulihitaji vyuma. Lakini ilikuwa Sabato, na shoka la Msabato siku hiyo liko nyumbani limelala kama mwenyewe. Watu wakaanza kuulizana kama inaruhusiwa kwenda kulichukua, na Mzee Nyakundi akaanza kufikiri, na Mzee Nyakundi akifikiri unaweza kupanda mahindi ukavuna. Mama hakumngoja. Aligeukia ng'ambo ya kijito akapiga nduru.

Ng'ambo walikaa Wakatoliki. Jumamosi kwao ni siku ya shamba. Siku ile kikundi chao cha kulimiana, kile tunachokiita egesangio, kilikuwa kinapalilia shamba la Moraa: leo kwangu, kesho kwako, mpaka mashamba yote yaishe. Wakaja wote wakikimbia, majembe begani, mapanga, mashoka, na mwanamume mmoja na mtaimbo wa kuvunjia mawe. Moraa alikuwa mbele. Alikuwa mkunga, alitupokea wengi wetu duniani, na yeye na mama yangu hawakupendana hata kidogo. Alisimama, akaitazama ndege iliyoinua mkia juu, akawatazama Wasabato na nguo zao nyeupe.

"Mmeomba mpaka mmeangusha malaika," akasema.

Mama akamjibu, "Lete mtaimbo. Maneno utanipa kesho, kesho ndiyo siku yako ya kukaa bure."

Wakaingia kazini. Moraa alimgusa kijana shingoni, akamfungua macho kwa kidole, akasema akilala huyu haamki. Atafutwe mtu wa kuzungumza naye, azungumze bila kuacha, kama tunavyofanya kwa mwanamke aliyechoka na uchungu. Mama akatazama huku na huku. Halafu nikahisi mkono begani. Akanisogeza mpaka uso wangu ukawa karibu na uso wa yule kijana.

Macho yake yalikuwa yanafunga. Nilitafuta neno la kumwambia na nikakuta ghala langu lina bidhaa za aina moja tu.

"Wewe," nikasema. "Unataka ndizi?"

Akafungua jicho moja. "Ndizi gani, mtoto?"

"Mkungu. Kubwa. Iko nyumbani kwa mama."

"Sina pesa hapa."

"Mimi sitaki pesa. Leta samaki."

Akacheka, na kicheko kikamuumiza, akalia, lakini macho yalifunguka yote mawili. Akasema kwao ni Pwani na baba yake ni mvuvi, samaki hawakosi.

"Iko na magamba?"

"Anayo."

"Mpaka mkia?"

"Mpaka mkia, bibi mdogo. Nitakupa mmoja kwa huo mkungu."

Vidole vya mama vikanifinya. Mama hakuelewa neno hata moja, lakini aliijua sauti ya mtu anayetaka kumaliza biashara, na aliona kwamba huyu biashara ikiisha atalala. Nikasema hapana. Mmoja ni wa paka. Yule kijana akasema mkungu wenyewe hajauona. Nikamwambia hata mimi samaki sijamwona. Akasema samaki wa bahari mmoja ni sawa na wa ziwa wawili. Nikafinywa. Nikasema bahari mimi sijui, labda ni kijito tu na nyinyi mnajisifu. Hapo alikasirika kabisa, akaanza kunieleza bahari, na kule chini mtaimbo ukawa unaingia chini ya bati.

Ndipo Mzee Nyakundi aliposikia kinachoendelea. Akasimama na kuniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, sauti ile ya mimbarini: "Kemunto. Unauza? Siku ya Sabato, uwanja wa Bwana?"

Nikanyamaza. Ungefanya nini wewe? Mtoto amevaa nyeupe, mzee wa kanisa amemkamata anafanya biashara Sabato. Nikanyamaza, na kichwa cha yule kijana kikateleza upande.

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshika mti mmoja wa vibanda vya makambi, wa kuinulia bati, pamoja na Moraa, bega kwa bega, mkono wake mwingine uko kwangu.

"Mwache auze," akasema.

"Lakini, mama Kemunto..."

"Mzee, akinyamaza huyu anakufa. Hiyo dhambi iandikwe jina langu, nitaieleza mwenyewe. Mwache auze."

Mzee Nyakundi akavua koti lake la kanisani, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe la chokaa, akaja kushika mti. Tulikaa pale mpaka jua likapinda. Wakatoliki walifunga mkia wa ndege kwa kamba za ng'ombe na kuuvuta chini, Wasabato waliinua bati kwa miti ya vibanda, na kila upande ulianza wimbo wake wa kazi, nguvu zikaachana, mpaka Moraa akafoka kwamba Mungu atawasikia wote wakiimba mmoja. Mimi niliendelea kuuza. Kijana akichoka, namtukania samaki. Akifunga macho, nasema basi nampa mteja mwingine. Na Mzee Nyakundi, jasho linamtiririka, akawa ananinong'oneza: "Muulize, mkavu au mbichi? Mtoto, usikubali mkavu!"

Bati likalia, likainuka. Kijana akapiga kelele ambayo bado ninayo masikioni, na Moraa akamchomoa kama anavyochomoa watoto. Hapo vidole vya mama vikalegea begani mwangu.

"Haya," nikasema. "Samaki tatu. Nimekubali."

"Na mkungu ni mkubwa kweli?" akauliza, sauti haipo tena.

"Kubwa kama mimi."

Wakang'oa mlango wa kanisa, wakamlaza juu yake, wakapokezana mpaka barabarani, Msabato akichoka Mkatoliki anashika. Lori la mtu aliyebeba pareto likampeleka hospitali mjini Kisii. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amefunga macho, na mimi sikuwa karibu kumwamsha.

Kesho yake wanajeshi walikuja kulinda ndege yao. Habari zikaanza kutembea: amekufa njiani, amekufa hospitalini, amekatwa miguu ndipo akafa. Mama alisikia zote. Akachukua panga, akaenda migombani, akakata mkungu mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Haukuwa mkubwa kama mimi. Nilijua hivyo nilipokuwa nauuza.

Nikamuuliza tunaupeleka wapi, na mtu wamesema amekufa. Akanijibu, "Tumeuza. Mteja akiwa amekufa tutarudi na mkungu wetu. Lakini sitaambiwa na upepo."

Tukatembea mpaka mjini, yeye na mkungu kichwani, mimi na kata ya majani kumbadilishia. Mlangoni pa hospitali walisimama askari wawili. Wakasema humo hamna mtu kama huyo. Wakasema ni mambo ya vita, mama aende nyumbani. Nikamweleza mama. Akaweka mkungu chini, akakaa kando yake, akanyoosha miguu.

"Waambie sikuja kuomba," akasema. "Nimeleta mali ya mtu."

Nikawaambia. Walicheka. Mvua ikanyesha, tukanyeshewa. Askari wakabadilishana zamu, wapya nao wakasema hamna mtu, mama naye akakaa. Mwanamke mmoja mpita njia akataka kununua ule mkungu. Mama akamwambia una mwenyewe. Jua lilipokaribia kushuka alitoka askari mtu mzima, mwenye mvi, akasikiliza maneno yangu bila kucheka, akaubeba ule mkungu begani, akaingia nao.

Tukangoja. Mama alikuwa ameufunga mdomo, anatazama ule mlango kama anaweza kuusukuma kwa macho.

Yule mwenye mvi akarudi mikono mitupu. Akauliza nani aliyeuza. Nikainua mkono, kama shuleni.

"Ametuma neno," akasema. "Anasema mkungu ni mdogo kuliko ulivyomwambia. Anasema atatoa samaki wawili."

Nikamgeukia mama nikamwambia kwa Ekegusii. Akajifuta uso na leso, na ilikuwa inanyesha kwa hiyo sijui alifuta nini. Halafu mkono wake ukaja begani mwangu, na akanifinya kwa nguvu ambayo hajawahi kunifinya nayo.

"Mwambie hapana," nikasema. "Watatu."

Askari akapiga saluti. Wallahi, alinipigia saluti mtoto wa darasa la tatu, akaingia kupeleka jibu.

Makambi yalifanyika wiki ile ile. Vibanda vilipungua, lakini yalifanyika. Mlango wa kanisa tuliusugua mpaka mbao zikachubuka, na doa moja likabaki miaka mingi. Mzee Nyakundi aliagiza mawe ya chokaa yapangwe mviringo, na tangu hapo hakufumba jicho moja kutazama mstari tena. Samaki hawajafika. Wengine wananiambia, nyanya, achana nayo, huyo mtu alihamishwa, ni zamani. Sijapunguza. Ni watatu, na wawe na magamba.

Leo wajukuu wangu wananicheka Kiswahili. Nikisema "iko" wanaangaliana. Wao wamesoma, Mungu awabariki, wanajua Kiswahili cha vitabu na kile kingine cha Nairobi ambacho hata mbwa hakielewi. Na wanauza, eeh, wanauza kwa simu. Mtu anaandika bei, mwingine anaandika hapana, wameachana. Hawajaonana uso. Hajui kama anayemkatalia ana njaa au amelazwa. Jirani yetu mmoja alikufa juzi, kijana wangu akamwandikia mjane "pole" na picha ya mshumaa, akaendelea kula. Na ng'ambo ya kijito, wajukuu wa Moraa tunaonana nao kwenye mazishi tu. Nduru ikipigwa leo, kila mtu anauliza kwanza kwenye simu ni ya nini.

Mimi nimezeeka, sitaki kudanganywa. Siku mkiniona nimelala na macho yangu yanajifunga, msiniletee maua, na msianze kuniombea nipokelewe haraka haraka. Njooni karibu, mlete uso wenu hapa. Mniambie mna mkungu. Mniambie bei mbaya kabisa, bei ya matusi.

Halafu mmoja wenu aweke mkono begani mwangu, anifinye.